Kitana cha Nundu ya Mzambarau

Wanaume wawili wakiamua kumficha mwanamke jambo kwa nia ya kumfurahisha, jueni kuna mwanamke mwingine atakayefagia. Mimi ndiye niliyefagia. Nilifagia unga wa mbao dukani kwangu mjini, nikafagia vipande vilivyopasuka karakanani Kabiria, mwisho nikaona nikimwachia mume wangu Shee na rafiki yake Amarjit, nitafagia mpaka niingie kaburini na kitana chenyewe hakijapatikana.

Ngoja nianze na Amarjit. Ni Kalasinga, fundi wa samani, mzee sasa, mwenye kilemba cha buluu na ndevu zinazofika kifuani. Shee alipofika Nairobi kutoka Lamu, na patasi zake kwenye kikapu, ni Amarjit aliyempa kona ya karakana yake ya Kabiria. Tangu hapo mmoja hutengeneza kabati, mwingine hulichonga nakshi, na kila mmoja huamini mwenzake ndiye anayeliharibu. Hugombana kila siku ya Mungu isipokuwa Ijumaa mchana, Shee akiwa msikitini, na Jumapili asubuhi, Amarjit akiwa gurudwara, hekalu lao. Wakipumzika kidogo kugombana, huulizana kama mwenzake anaumwa.

Mke wa Amarjit ni Surjit, na huyo ni wangu mimi. Tulijuana kwa sababu ya waume, tukapendana kwa sababu ya ulimi, maana yeye na mimi hatujui kusema jambo nusu. Siku ya kwanza kuingia dukani kwangu, ninapouza udi, kofia na visanduku vya vito, hakunisalimu hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku ambacho ganda jembamba la mbao lililobandikwa kifunikoni lilikuwa limeanza kubanduka, akanitazama juu ya miwani.

"Hii fundi yake nani? Afungwe."

Akaitisha pasi na kitambaa kibichi, akalipitisha lile ganda pasi polepole, likalainika, likalala kama kwamba lilizaliwa pale. Baba yake alikuwa fundi wa kubandika maganda ya mbao kwenye vinanda na makabati ya watu wenye uwezo, na Surjit, tangu alipokuwa msichana, ndiye aliyekuwa akishika pasi. Mambo hayo alinieleza huku akinywa chai yangu na kuikosoa.

Mwaka jana Surjit aliugua saratani. Alitibiwa akapona, alhamdulillahi. Madaktari wamesema amepona na mimi nimeamua kuwaamini. Lakini zile dawa ziliondoka na nywele zake.

Kwa mtu mwingine ungesema nywele ni majani, zitaota. Kwa Surjit si hivyo. Wao hawakati nywele tangu kuzaliwa mpaka kufa, na kitana cha mbao hukaa kichwani, kimechomekwa ndani ya fundo la nywele, ni sehemu ya dini yao. Nywele za Surjit zilikuwa zikimpita kiuno. Na kila Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda gurudwara, Amarjit alizichana yeye mwenyewe, mkewe ameketi kwenye kigoda na yeye amesimama nyuma yake na chupa ya mafuta. Niliwahi kuwakuta hivyo nikaona haya, nikarudi nje nikasubiri kwenye ngazi. Shee hajawahi kunishikia hata kioo.

Sasa zilianza kuota tena, lakini hakuna aliyeziona. Surjit alijifunga kitambaa usiku na mchana. Kitana chake kilikuwa kimepotelea hospitalini na hakutaka kingine. Jumapili ikifika alijifungia chumbani akasema amechoka, Amarjit akaenda gurudwara peke yake na kusalimiwa kwa sauti ya chini kama mjane. Hata mimi, mwanamke mwenziwe, niliongea na mlango.

"Niachie chai hapo nje, Fathiya."

"Si mimi mtumishi wako."

"Basi kunywa wewe."

Niliinywa, nikilia, na ilikuwa chai mbaya.

Ndipo Amarjit akaja dukani na ile nundu ndani ya gunia. Inabidi niwaeleze ilikotoka. Zamani walikuwa na nyumba ya chini kule Kileleshwa, na uani palikuwa na mzambarau wenye nundu kubwa ubavuni, usawa wa kifua cha mtu. Surjit aliutukana mti ule maisha yake yote. Zambarau zilidondokea mashuka aliyoyaanika, zikayatia madoa, na asiyesikia alivyousema mti ule hajawahi kusikia Kipunjabi kikisemwa sawasawa. Lakini nywele zake alikuwa akizikausha chini ya mti huo huo. Nyumba ilipobomolewa ijengwe fleti, wao wakapewa yao ghorofa ya nne, mti ukakatwa, na Surjit akakataa kula siku nzima. Amarjit aliwaomba wakataji ile nundu, akaiweka chini ya kitanda, na miaka yote hiyo mkewe amekuwa akifagia kuizunguka bila kusema itupwe.

"Bhabhi," Amarjit akaniambia, maana kwao ndivyo aitwavyo mke wa ndugu, na Shee kwake ni ndugu, "mimi nataka kutengeneza yeye kitana. Ya hii mti. Labda akiona hii, atafungua mlango. Mimi sitaki kitu ingine. Afungue tu mlango."

Mtu ambaye angekataa baada ya kusikia hivyo, sitaki kumjua. Kwa hiyo nilimwita Shee, na makosa yakaanza.

Kosa la kwanza lilikuwa la Amarjit. Alitaka kitana chote kitoke kwenye nundu, hata meno. Sasa, mimi si fundi, lakini nimeishi na fundi, na najua kwamba jino la kitana hutaka mbao ambayo nyuzi zake zimenyooka. Nundu haina nyuzi zilizonyooka. Ndani yake zimejiviringa na kuzunguka macho madogo madogo, kila moja na njia yake, na ndiyo maana inapendeza hivyo ukiipiga randa. Ukikata jino hapo, halifiki siku ya pili. Amarjit alikata meno, yakakatika. Akakata mengine manene, nayo yakakatika. Shee akacheka mpaka akashika meza.

"Meno tutachonga kwa mzeituni wa porini," Shee akasema. "Nundu ikae juu tu, kwenye mgongo wa kitana, ganda jembamba huku na ganda huku. Hiyo kazi wataimaliza wajukuu wako, wewe. Niache mimi nitie mkono."

Na hilo likawa kosa la pili, kosa la mtu wa Lamu. Shee anajua kukata mbao nyembamba. Kwao amekata maganda ya kubandika kwenye visanduku tangu ndevu hazijaota. Lakini kule hewa imejaa maji. Ubao ukikatwa asubuhi ukaachwa barazani, hukauka taratibu, kwa heshima zake. Shee akapasua ile nundu vipande vyembamba kama sarafu, akavipanga dirishani karakanani Kabiria vipigwe na upepo, mwezi wa pili, jua la Nairobi limetoa ulimi, hewa kavu inafyonza hata mate kinywani. Akaenda zake kuswali adhuhuri. Aliporudi vilikuwa vimejikunja kama papadi, na alipovigusa kuvinyoosha, vikapasuka kimoja baada ya kingine.

"Hii mbao ina wazimu," Shee akasema.

"Mbao iko sawa," Amarjit akamjibu. "Wewe ndiyo umeleta tabia ya bahari hapa."

Waligombana wiki nzima juu ya vipande vile. Walijaribu kukata polepole, walijaribu kukata haraka, walibadilisha msumeno. Kila jioni Shee alirudi nyumbani kwetu Kinoo na unga wa mzambarau kwenye nyusi, akala akalala. Nundu ikawa inapungua. Mwisho vikabaki vipande vinne tu vyembamba, na viwili kati ya hivyo vilikuwa na ufa tayari.

Nikamwambia, "Shee, kuna mtu mmoja Nairobi hii anayejua kazi hiyo."

"Namjua," akasema. "Lakini ndiye anayetengenezewa."

"Kwani amekatazwa kujua?"

"Amarjit hataki. Ataka iwe zawadi. Na tangu ugonjwa uingie, kule nyumbani hataji nywele. Kitana atakitajaje?"

Hapo hasira zilinipanda. Mtu amekaa gizani, mume amekaa karakanani anavunja vijiti, wote wawili wanapendana na wote wawili wamefunga midomo. Nikamwambia Shee kwamba Jumapili hawaendi Kabiria. Wataibeba kazi yao mpaka Kileleshwa, wataiweka kwenye roshani, chini ya dirisha la chumba cha Surjit, na wataivunja hapo hapo, mwenye masikio asikie. Surjit anaweza kustahimili kulia, kuumwa na njaa. Kazi mbaya hajawahi kuistahimili.

"Na asipotoka?" Shee akauliza. "Vile vipande ndivyo vya mwisho."

Hilo nilikuwa nimeliwaza, na liliniogopesha. Vikivunjika vyote na mlango haujafunguka, Amarjit atakuwa hana mbao wala neno la kumwambia mkewe, na mimi ndiye niliyemshauri.

Jumapili tulifunguliwa na Nyawira, msichana anayewasaidia kazi za nyumba.

"Mum amejifungia tangu asubuhi," akanong'ona. "Chai imepoa, nimemtengenezea ingine, nayo pia imepoa."

Tulipita hadi roshani. Dirisha la chumba lilikuwa wazi kidogo, pazia limefungwa. Amarjit alikuwa amevaa nguo zake za gurudwara, maana hakujua kama ataenda au la. Shee akabana kipande cha kwanza, kimoja cha vile vyenye ufa, kwenye ukingo wa meza, akatoa msumeno wake mwembamba wenye wembe kama uzi, akaanza kukikata umbo la mgongo wa kitana.

Hakikufika nusu. Kilitoa sauti ndogo, ta, kikawa viwili.

Ndani kitanda kililia kidogo.

Akachukua cha pili, kile kingine chenye ufa, akajaribu kuuzunguka ule ufa kwa ustadi. Nilimwona jasho linamtoka. Ta.

"Nani anakata mbao kavu hapo?"

Sauti ya Surjit ilitoka nyuma ya pazia. Amarjit akaganda. Sijui alikuwa amepanga kusema nini siku hiyo, lakini alilosema, bila haya hata kidogo, lilikuwa hili:

"Shee."

Shee alimtazama rafiki yake kwa macho ambayo sitayasahau.

"Mwambie Shee atavunja yote," sauti ikasema.

"Ashavunja, Surjit. Imebaki mbili."

"Mbao gani?"

Amarjit alinitazama. Nikamfanyia ishara aseme.

"Ile ya chini ya kitanda."

Barabarani boda boda alipita akipiga honi, Nyawira amesimama mlangoni na kikombe cha tatu. Kisha Surjit akasema, taratibu, kama mtu anayejizuia:

"Hiyo mbao usikate kavu. Ilowe kwanza. Maji na glisirini kidogo, mpaka ilegee. Halafu kwa uso yake unabandika karatasi na uji ya ngano. Hiyo karatasi ndiyo inashika, haiachi ifunguke. Baba alikuwa anafanya hivyo. Shee, unanisikia?"

"Nakusikia, mama," Shee akasema. Lakini Shee ni Shee. Alikuwa ameshafunga kipande cha tatu, na fundi wa Lamu haambiwi uji wa ngano na mtu aliye nyuma ya pazia. Akauweka msumeno juu yake. "Hiki nitakikata polepole tu, kidogo kidogo."

Msumeno ulipita mara mbili. Mara ya tatu ukakwama kwenye jicho la ile mbao, na tukasikia nyuzi zikianza kuachana, sauti ndogo kama ya mtu anayechana kitambaa kwa siri.

Mlango wa chumba ukafunguka kwa kishindo, ukagonga ukuta.

Surjit alitoka na pasi mkononi, waya unaburuzika nyuma yake. Alikuwa amevaa nguo za kulalia na viatu vya plastiki, na kichwani hakuwa na kitu. Nywele zilikuwa nyeupe, fupi, laini, zimesimama kila upande kama za kifaranga aliyetoka kwenye yai asubuhi hiyo. Nilizipenda papo hapo.

"Toka," akamwambia Shee.

Shee akatoka mezani. Akageuka akaanza kutazama barabara kama mtu anayesubiri mgeni, kwa adabu, kwa sababu alikuwa ameona kichwa kitupu cha mke wa rafiki yake. Amarjit hakugeuka. Alisimama na kumtazama mkewe.

Surjit aliyaona macho ya mumewe. Hapo ndipo alipokumbuka. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kichwani, ukapapasa, haukukuta kitambaa, ukabaki pale pale umefunika alichoweza kufunika. Kwa mkono wa kulia alikuwa ameshaweka pasi chini na kukishika kile kipande mezani, na kipande kilikuwa kinaendelea kufunguka, ufa unatembea mbele ya macho yetu. Alikitazama. Alitazama mlango wa chumba. Mimi moyoni nilikuwa nikimwomba Mungu kwa majina yake yote.

Kazi ile ilitaka mikono miwili. Surjit aliushusha mkono kichwani, akaubana ule ufa kwa vidole vyote kumi.

"Nyawira, lete maji. Lete kitambaa. Amar, usisimame hapo kama nguzo ya stima, chomeka hii pasi."

Amarjit akachomeka pasi. Alichomeka huku machozi yanaingia kwenye ndevu.

Kuanzia siku ile kazi ilikuwa yake. Alitutuma duka la dawa kuleta glisirini. Akavilowesha vile vipande viwili, akavilaza katikati ya magazeti, juu yake ubao, juu ya ubao mfuko wa unga wa chapati, na magazeti yakabadilishwa kila asubuhi mpaka maji yalipotoka yenyewe bila kufukuzwa. Kile chenye ufa, ufa wake aliutia gundi ukafungika, na ukiutafuta leo huuoni. Akaandaa uji wa ngano, akabandika karatasi usoni mwake, ndipo akamruhusu Shee kukata, vipande vikiwa vimebanwa katikati ya plaiwudi mbili, na yeye amesimama nyuma yake.

"Usisukume. Wacha msumeno ikule yenyewe."

"Mama, mimi nimekata mbao miaka—"

"Ndiyo maana imebaki mbili."

Amarjit alichonga meno kwa mzeituni, membamba, yaliyonyooka, akayasugua mpaka yakawa hayashiki hata uzi wa hariri. Siku ya kubandika, Surjit alikataa tubandike upande mmoja halafu mwingine kesho yake. Alisema ukifanya hivyo kitana hupinda, gundi ya upande mmoja huvuta na hakuna wa kuivuta nyuma. Pande mbili zilibandikwa pamoja, pasi ikapita juu ya kitambaa kibichi, huku na huku. Karatasi ilipovuliwa na lile ganda likapakwa mafuta, macho yote ya mzambarau yalitoka, ya kahawia na mekundu, yamebanana. Hakuna hata moja lililopasuka.

"Mti mbaya," Surjit akasema, akalipapasa kwa kidole gumba. "Mashuka yangu yote."

Jumapili iliyofuata tulikwenda tena, Shee na mimi, tukijifanya tumepita tu. Walikuwa kwenye roshani. Surjit ameketi kwenye kigoda bila kitambaa, na Amarjit amesimama nyuma yake na chupa ya mafuta. Alijaribu kwanza kukichomeka kile kitana kichwani kama zamani, kikateleza, kikaanguka mapajani mwa Surjit. Nywele hazikuwa na urefu wa kukishika. Amarjit alikiokota, akakigeuza geuza, uso wake ukaanguka.

"Zitakua," Surjit akasema. "Wewe chana."

Akachana. Kitana kilipita mara moja kutoka kwenye paji la uso mpaka shingoni, hakikukwama popote, na kazi ikawa imekwisha, maana nywele zenyewe zilikuwa ngapi? Zamani ilimchukua asubuhi nzima. Nilimvuta Shee mkono tuondoke, naye safari hii hakubisha, na tukiwa bado kwenye korido nikamsikia Surjit akiuliza.

"Umemaliza?"

"Bado," Amarjit akasema, akaanza tena upya.